Kodi ya Aliye Hai

Tulimwacha Msusi mdomo wazi.

Bila shaka mnakumbuka. Alikuwa amesimama ndani ya ghala la forodha, mbele ya sanduku la mbao lililotoka ng'ambo. Kifuniko kimeng'olewa, misumari iko chini, na ofisa wa forodha ameinua koti la kiume kwa vidole viwili, anauliza: "Mwenye nguo hizi yuko wapi?"

Swali dogo tu. Lakini jibu lake Msusi hakuwahi kulitamka kwa sauti tangu siku alipopigiwa simu akiwa saluni, kitana mkononi, kichwa cha mteja kimesukwa nusu. Siku ile alisuka nusu iliyobaki, akapokea hela yake, kisha akaenda kutapika nyuma ya jengo.

Wakala wa kutoa mizigo, aliyekuwa pembeni yake, akamkanyaga mguu. Yeye ndiye aliyemfundisha la kusema. "Neno moja tu, dada," alikuwa amemnong'oneza getini. "Ukilisema, kodi yote inafutika."

Msusi akalitazama lile koti.

"Ni marehemu," akasema.

Basi. Limetoka.

Ofisa, mwanamke wa makamo mwenye miwani minene, akaacha kulishika lile koti kwa vidole viwili. Akalikunja kwa mikono yote, akalirudisha taratibu. "Pole sana. Ni nani wako?"

"Kaka yangu."

Kwa wale wanaotusoma leo kwa mara ya kwanza, nitawaeleza haraka, wengine vumilieni. Msusi alikuwa na kaka mmoja, kila mtu akimwita Mrefu, aliyekwenda ng'ambo kupakia na kupakua mizigo kwenye maghala ya kampuni moja. Mama yao anafuma masweta ya shule, kwa mashine ya mkono iliyozeeka, inayotaka kubembelezwa kila baada ya safu mbili. Alimwagiza Mrefu mashine mpya ya umeme na kumtumia akiba yake yote. Mrefu akainunua. Kabla hajaituma, mzigo ukamwangukia ghalani, akafa. Rafiki yake waliyekuwa wakiishi chumba kimoja, ambaye sisi tunamwita Mpishi kwa sababu ndiyo kazi yake, akaifunga mashine pamoja na nguo za marehemu katika sanduku moja, akatuma.

Na Mama hajui. Hapo ndipo roho ya Msusi imening'inia tangu tuanze hadithi hii.

Wiki ile ya msiba Mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka kupasuliwa moyo. Daktari alisema asipate mshtuko. Mjomba, yaani mdogo wake Mama, akaitisha kikao cha ukoo. Wajumbe walikuwa wawili, yeye na Msusi. Akatoa amri kwamba mgonjwa asiambiwe mpaka apate nguvu. Mambo ya mazishi, akasema, atayapanga yeye kwa simu na watu wa huko huko. Baadaye akaja na taarifa: kijana amezikwa, amezikwa vizuri, watu walikuwa wengi.

Nguvu Mama alishazipata zamani. Anapanda ngazi, anagombana na wauza nyuzi, anakwenda sokoni kwa miguu na kurudi. Lakini kila wiki iliyopita ilifanya wiki iliyofuata iwe ngumu zaidi kusema. Na kila Ijumaa Mpishi alikuwa akituma ujumbe wa sauti kwenye simu ya Msusi, mfupi mfupi, kwa namba ile ile ya Mrefu: "Shikamoo Mama, mimi mzima, kazi nyingi, tuombeane." Mama anasikiliza, anatikisa kichwa. "Huyu mtoto mafua hayamwachi," husema. Kupiga hapigi, maana ameambiwa kazini kwao simu ikiita wanakatwa mshahara.

Haya. Turudi ghalani.

"Mali ya marehemu haitozwi kodi," ofisa alisema. "Hata hiyo mashine, kwa kuwa aliinunua yeye kwa jina lake. Alikuwa na mke?"

"Hapana."

"Mtoto?"

"Hapana."

"Basi mrithi ni mama yake. Mlete aape mbele yangu kwamba mwanawe amefariki. Mkimaliza mnabeba sanduku lenu mnaondoka."

Msusi akamwangalia wakala. Wakala akaangalia misumari. Hilo hakuwa amemfundisha.

"Mama ni mgonjwa," Msusi akasema.

"Ofisi yangu ina kiti."

"Hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui kama amekufa."

Ofisa akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati la sare. "Dada," akasema, "nimekaa hapa mpaka watoto wangu wamekuwa wakubwa. Nimeona watu wakificha simu, wakificha manukato, wakificha hata gari zima. Mtu kumficha mama kifo cha mwanawe ili nini?"

"Ili asife."

Ofisa hakubisha. Akavaa miwani yake. "Kama haapi, basi mimi namhesabu mwenye mzigo kuwa yuko hai. Hapo mashine ni bidhaa iliyoagizwa, na ina kodi kamili. Chagueni. Muda wa sanduku hili kukaa ghalani unaisha kesho jioni. Baada ya hapo linakwenda mnadani."

Msusi akatoka nje ya geti na kumpigia Mjomba.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umemaliza?" Nyuma yake mafundi walikuwa wakigonga mabati.

"Wanataka Mama aje aape."

Nyundo zikaendelea. Kisha sauti ya Mjomba ikarudi kwa ukali. "Usithubutu. Unataka kumuua dada yangu?"

"Basi nisaidie kodi."

"Kodi? Mimi? Wewe unajua nina majukumu gani hapa? Mtu kusaidia kila siku, na bado anakamuliwa."

Mjomba huyu, msomaji, alisomeshwa kwa masweta. Mama yake Msusi alifuma mpaka vidole vikapinda ili mdogo wake avae viatu shuleni. Msusi alitaka kumkumbusha. Akaumeza uchungu wake kama alivyozoea.

"Basi nifanye nini?"

"Liache lipigwe mnada. Mwambie mama yako meli ilizama."

"Ilizama?"

"Meli si huzama? Na usijifanye mtakatifu. Huo hautakuwa uongo wako wa kwanza."

Akakata simu. Kilichomuuma Msusi hapo si matusi ya mjomba wake. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amesema kweli.

Njiani kurudi nyumbani alifanya mazoezi. Meli imezama, Mama. Hapana. Mama, kuna habari mbaya, meli... Hapana, asianze na habari mbaya, moyo utaruka. Mama, unajua bahari ilichafuka? Akaufanyia uso wake mazoezi pia, kwenye kioo cha duka la miwani, mpaka muuzaji akatoka kumuuliza kama anataka kununua.

Alipofungua mlango akamkuta Mama amechuchumaa sakafuni na kipande cha chaki.

Kabati limesukumwa hadi ukutani. Meza ya kulia chakula imesimamishwa wima kwenye korido. Katikati ya sebule Mama amechora mstatili mkubwa, na kila kona ya mstatili ameweka alama ya msalaba.

"Miguu yake itakaa hapa," Mama alisema bila kuinua kichwa. "Mrefu aliniambia vipimo kabla hajapatwa na haya mafua. Hapa nitakaa mimi, dirisha liwe kushoto, nione uzi. Wewe usiwe unapita hapa na mguu wako."

Msusi akafungua kinywa aizamishe meli. Ndipo akaona kwamba kuna kitu kimepungua chumbani.

"Mama. Mashine yako iko wapi?"

"Ipi?"

"Ya mkono."

"Ah, ile. Nimeuza." Mama akasimama, akapangusa chaki kwenye nguo yake. "Fundi wa mtaa wa nyuma kaifuata asubuhi. Kanipunja, lakini sijagombana naye, nina furaha."

"Umeuza? Kwa nini umeuza?"

"Nikae nazo mbili, mimi ni kiwanda? Na kodi tutalipa kwa nini, kwa meno? Mtu ameagiza kitu nje, serikali lazima idai chake. Nyie vijana mnafikiri nimekaa tu hapa sielewi." Akatoa fungu la noti lililofungwa kwenye kitambaa, akalipiga kwa kiganja. "Ipo yote. Nimemuuliza jirani aliyeleta friji."

Msusi akakaa kwenye sakafu, nje ya mstatili. Meli haikuzama. Ingezamaje sasa? Mashine ya zamani imeondoka, mpya iko mikononi mwa forodha, na masweta ya muhula mpya yameshachukuliwa malipo ya awali. Mama angebaki na vidole vyake vilivyopinda na mstatili wa chaki.

"Nipe nikalipe kesho," akasema.

"Nikupe?" Mama akacheka. "Mwanangu ameninunulia mashine, nami nikae nyumbani kama mzigo mwingine? Kesho tunakwenda wote. Nataka nione wakiitoa."

Msusi akamwandikia Mjomba ujumbe: *Mama anakwenda forodha kesho asubuhi. Siwezi kumzuia.* Mjomba akausoma, na hakujibu. Ndugu wa aina hii kila ukoo unao, na kwenye vikao vya harusi hukaa viti vya mbele.

Asubuhi Mama alivaa gauni lake la kijani, lile la kwendea kwa watu. Alimsalimia mlinzi wa geti, akamsalimia mfagiaji, akamsalimia na wakala, ambaye alianza kutoka jasho kabla jua halijapanda. Ghalani akaliona sanduku lake kwa mbali na kuongeza mwendo. Msusi alimfuata nyuma ameshikilia mkoba kifuani, akihesabu pumzi za mama yake.

Ofisa akainuka kwenye kiti. "Mama, karibu. Pole sana kwa..."

Msusi akamkazia macho. Alikuwa anaomba kwa macho, mbele ya watu, kama mtu anayeomba maji.

Ofisa akaona. Akakohoa. "Pole sana kwa foleni," akasema.

"Nimeshapoa, mwanangu," Mama akajibu, akakaa kwenye benchi.

"Sanduku hili ni la nani, mama?"

"Langu. Mashine nimeagiza mimi. Nguo ni za mwanangu, ametanguliza tu, yeye mwenyewe anakuja mwisho wa mwaka. Si ndiyo?" Akamgeukia Msusi.

"Ndiyo, Mama."

Ofisa akashika kalamu, lakini hakuandika. Jana, mbele ya sanduku hilo hilo, dada mtu alimwambia ni marehemu. Leo mama anasema mwisho wa mwaka. Angeweza kuwafukuza wote wawili kwa kutoa maelezo ya uongo, na sanduku likabaki kwa serikali. Badala yake akasema polepole, huku anamwangalia Msusi na si Mama:

"Mama, kama mwanao yuko kazini huko, mashine hii ina kodi kamili. Ni kubwa. Iko njia nyingine isiyo na kodi hata kidogo. Lakini hiyo ni ya mtu kusema."

Msusi akaelewa kwamba amefunguliwa mlango. Ilikuwa ni kusema tu. Mama amekaa, daktari wa bandari yuko jengo la pili, na noti zile zingerudi nyumbani zikakomboe mashine ya mkono. Akavuta pumzi. Akautazama uso wa mama yake, uliopakwa mafuta, unaong'aa, umefurahi jinsi ambavyo haujafurahi tangu hospitali.

Akainamisha kichwa.

"Njia gani hiyo?" Mama akauliza.

"Ni ya waliofiwa, mama," ofisa akasema. "Haikuhusu."

"Basi namshukuru Mungu kwa kodi yangu," Mama akasema, akafungua kitambaa. "Hesabu nilipe."

Ofisa akahesabu. Akapiga muhuri. Wakala akapokea ujira wake na kuulaza kwenye mfuko wa shati. Fungu lote lililopatikana kwa mashine ya mkono, pamoja na kidogo alichodunduliza tena chini ya godoro, likaingia kwenye droo ya serikali kama malipo ya kodi ya mtu aliye hai. Msusi aliona droo ikifungwa. Lakini mashine imepatikana, na Mama hajui. Alijiambia kwamba hayo ndiyo aliyokuwa akiyataka.

Hapo ingekuwa wamebeba sanduku na kwenda zao, na mimi ningekuwa sina la kuwasimulia. Tatizo ni wakala. Kuna watu hawawezi kuona kimya bila kukijaza.

"Bado nguo, bosi," akamwambia ofisa. "Mwenyewe hajasafiri nazo, kwa hiyo hizi zinahesabika mitumba. Mitumba ina kodi yake na cheti cha kupuliziwa dawa. Hicho cheti naweza kuwatafutia leo leo."

Ofisa akamtupia jicho ambalo lingemtosha mtu mwenye akili. Lakini Mama alishasikia.

"Nini?"

"Mitumba, mama. Nguo zilizovaliwa zinazotoka..."

"Ninajua mitumba ni nini." Mama alikuwa ameshasimama. Akaenda kwenye sanduku, akatoa lile koti, akalikunjua na kulinusa kwenye ukosi. "Hili koti ni la mwanangu. Hili jasho lake ninalijua kuliko wewe unavyojua jina lako. Mitumba ni nguo isiyojulikana mwenyewe. Hili mwenyewe yupo."

"Mama, hakuna shida," ofisa akasema haraka. "Nitaandika nguo za nyumbani, hazina thamani. Hamtalipa kitu. Nendeni tu."

"Usiandike hazina thamani."

"Ni maneno ya kiofisi tu, mama."

"Hata kama ni ya kiofisi. Usiniandikie hivyo." Mama akanyoosha mkono kwa Msusi. "Mpigie kaka yako awaambie ni nguo zake."

"Mama, saa hizi yuko kazini. Watamkata mshahara."

"Wamkate. Nitamlipa mimi kwa masweta."

"Mama, tafadhali," ofisa akasema. Alikuwa ametoka nyuma ya meza. Ajabu ni kwamba sasa alikuwa anaukinga uongo ule kwa mwili wake kama vile ni wa nyumbani kwake. "Mimi nimeridhika. Sihitaji kumsikia."

"Mimi ndiye ninayehitaji kumsikia," Mama akasema. "Tangu nitoke hospitali sijaongea naye, nasikiliza tu salamu kama redio. Leo nimelipa kodi, nina haki ya dakika moja."

Msusi alikuwa ameikumbatia simu, na Mama akaichomoa mikononi mwake kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu, bila hasira. Namba ilikuwa pale juu, ina picha ya Mrefu anacheka. Mama akaibonyeza. Akaweka sauti ya nje, maana ndivyo wanavyosikiliza kila Ijumaa.

Ikaita.

Msusi aliomba isipokelewe. Aliomba mtandao ufe, chaji iishe, ghala lianguke. Ikaita tena. Halafu ikapokelewa, na ghala lote likasikia vyombo vya jikoni vikigongana na mtu anayeongea huku anakimbia kwenda mahali penye utulivu.

Mpishi hakusubiri salamu. Kwa nini asubiri? Namba hii ni ya Msusi, na tangu msiba hakuna mwingine aliyewahi kumpigia kwayo.

"Dada, afadhali umepiga wewe," alisema. "Tangu juzi nashindwa nianzie wapi. Mochwari wamenipigia. Wanasema mwili wa kaka yako bado upo kwao."

Msusi alijaribu kuifikia simu. Ofisa naye alijaribu. Mama aligeuka kidogo tu, bega likawazuia wote wawili.

"Mrefu hajazikwa, dada. Sijui mjomba wako aliwaambia nini. Mimi nilimwamini, nikajua amezikwa na watu wa kampuni. Leo kampuni wananiambia pesa ya kumrudisha nyumbani walimtumia mjomba wako siku zile zile, na simu zao hapokei. Wamechoka. Wanataka kumzika wenyewe, kwenye makaburi ya wasio na ndugu. Dada? Upo? Unanisikia?"

Wakala alikuwa ameanza kurudi nyuma, hatua ndogo ndogo, mpaka akagonga rundo la maboksi.

Msusi alimtazama mama yake kifuani. Aliyakumbuka maneno ya daktari yote, neno kwa neno. Mikono yake ilikuwa tayari imenyooshwa kumdaka. Alisubiri aone mama anapepesuka, anashika ubavu, anaanguka juu ya nguo za mwanawe, na alijua kwamba hilo likitokea hatakuwa na mtu wa kumlaumu wala wa kumlilia.

Mama hakuanguka.

Alikaa kwenye benchi, akaweka koti magotini. Simu akaisogeza karibu na mdomo.

"Wewe ndiye unayenisalimia kila Ijumaa?" akauliza.

Vyombo vya jikoni vikasikika kwa mbali. Kisha sauti, ndogo mno kwa mtu mzima: "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu," Mama akasema. "Usikate."

Msusi akapiga magoti mbele yake. "Mama, nisamehe. Daktari alisema... Mjomba alisema..."

"Nimesikia aliyoyasema mjomba wako." Hakumshika kichwa, hakumsukuma. Alikuwa anaangalia droo ya meza ile, ambayo ndani yake kuna mashine yake ya mkono, imegeuka noti. Alikuwa ameulipia uhai wa mwanawe muda mfupi tu uliopita, na risiti bado ina wino mbichi.

"Kodi ile," wakala akaanza kusema, "kwa kuwa sasa imebainika kwamba..."

"Nyamaza," ofisa akamwambia.

Mama akainua macho. Yalikuwa makavu. Kilio chake, akikilia, tutakisikia wote, lakini siku ile hakukipa nafasi.

"Mwanangu," akamwambia ofisa, "wewe unajua sheria za vitu vinavyotoka nje."

"Najua, mama."

"Na mwili? Ukiletwa, una kodi?"

Ofisa alivua miwani yake. Safari hii hakuifuta. "Hauna, mama. Mwili hautozwi kitu."

"Basi huo nauagiza," Mama akasema.

Msusi akaanza kulia, kilio cha nusu mwaka, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, juu ya lile koti. Mfagiaji aliyekuwa mlangoni akaegemeza fagio lake ukutani. Simu ilikuwa bado mkononi mwa Mama, na Mpishi naye alikuwa analia huko aliko, watu wakimwita kwa lugha ya kigeni arudi jikoni.

Ndipo yule mfagiaji akasogezwa pembeni na mtu aliyeingia kwa haraka, anahema, shati lina vumbi la simenti mabegani. Alikuwa amesoma ujumbe usiku, akageuka geuka kitandani, na asubuhi akaona ni heri awahi. Alimwona dada yake amekaa, mpwa wake analia, sanduku wazi. Akafikiri wanalilia kodi.

"Dada yangu," Mjomba akasema, akitabasamu na kupangusa jasho. "Kwa nini ujisumbue na mwili wako huo? Twende nyumbani. Haya mambo yote niachie mimi, kama siku zote."

Mama akamtazama mdogo wake kwa muda. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, akampisha nafasi.

"Kaa hapa," akamwambia, akampa ile simu. "Anayeongea anakutafuta wewe."